Lenzi ya Mahari

Masoud aliporudi kutoka Dar alikuwa amekumbatia kitu kirefu, cheupe, chenye kifuniko cheusi juu, na mama yake aliyekuwa barazani akipepeta mchele alikitazama kwa mashaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chupa ya chai ya nini tena, Masoud? Ile ya kwetu ina ubaya gani?"

"Si chupa ya chai, mama. Ni lenzi."

Bi Biubwa akarudisha macho kwenye ungo. Alikuwa anaishi nyumba moja na wapiga picha wawili, mwanawe na mkwewe, na vituko vya kamera alishavizoea. "Kwa ukubwa huo," alisema, "ingetufaa zaidi kama ingeweka chai."

Zuwena alitoka uani anajifuta mikono kwa upindo wa kanga. Tangu asubuhi alikuwa na furaha ya mtoto anayengoja Idi. Kamera yao ya zamani ilikuwa imewafia harusini huko Lugoba, bibi harusi amekaa na wanawake wanapiga vigelegele, na kwa bahati zamu yake ya mchezo wa upatu ilikuwa imefika. Fedha za mchezo zikamnunulia kamera nyingine, mpya kwao ingawa ilishapita mikono ya mtu. Ilikuja bodi tupu, na kamera isiyo na lenzi haina faida zaidi ya sufuria isiyo na jiko. Kilichobaki alimkabidhi mumewe aende nacho Kisutu, kwenye duka la Mzee Akberali, alete lenzi moja. Alimweleza akarudia: ndogo, yenye kuona upana. Masoud aliitikia kila mara, na watu wanaoitikia kila mara ndio wa kuogopwa.

"Ndiyo hiyo?" aliuliza Zuwena.

"Ndiyo hii." Masoud aliivua kifuniko kwa madaha. "Ukiwa nayo hapa barazani, mtu aliyesimama Kaole unamhesabu meno."

"Anayeolewa Ijumaa yuko Kaole?"

"Zuwena..."

"Yuko chumbani kwa mama yake, Masoud. Jana nimekwenda kwa Bi Shufaa kupima. Kanga mbili na kipande, na kitanda peke yake kimekula kanga nzima."

Hii ilikuwa desturi yake. Kabla ya kila harusi Zuwena alikwenda nyumbani kwa bibi harusi, akaomba kuoneshwa chumba, akatandika kanga yake sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta. Wenye nyumba walidhani anapima zulia. Kumbe alikuwa anapima mahali pa kusimama, maana kwa lenzi yake ya zamani alihitaji kanga mbili kati yake na bibi harusi ili ampate mzima, na nyumba nyingi za mji mkongwe hazina chumba cha kanga mbili ukishatoa kitanda. Basi bibi harusi wengi wa Bagamoyo wana picha nzuri kuanzia kifuani kwenda juu, hina ya miguuni ikabaki kuwa habari ya kusimuliwa.

Kazi yao waliigawa hivi. Masoud alipiga upande wa wanaume, msikitini na barazani. Nikaha ikiisha, kamera ileile moja ilipitishwa mlangoni ikachukuliwa na Zuwena, kwa sababu chumbani kwa bibi harusi haingii mwanamume ila bwana harusi. Kwa hiyo lenzi moja mpya ilibidi itumikie pande mbili, na kila upande ulikuwa na njaa yake.

"Msikitini je?" alisema Masoud. "Unataka nikasimame na kilenzi cha kidole gumba, watu waseme Masoud siku hizi anapiga kwa simu?"

"Nataka Bi Shufaa apate picha za mwanawe. Unajua kule kwao mabinti wako wangapi hawajaolewa? Akiridhika huyu, tumepata nyumba nzima. Akichukia, kesho wanaleta mtu wa Dar." Zuwena aliipima ile lenzi kwa macho. Kuna jambo lilikuwa limeanza kumkera. "Hebu nambie. Fedha niliyokupa haifiki lenzi kama hii."

Masoud akakohoa. "Nilichanganya na ile kamera mbovu. Mzee Akberali anachukua, anatoa vipuri."

"Kamera mbovu ndiyo ikaleta hii?"

"Pamoja na lenzi zake."

"Lenzi zipi?"

"Zote mbili, ya msikitini na ya chumbani. Haziingii kwenye bodi mpya, Zuwena, mdomo wake ni mwingine, nimejaribu mwenyewe. Nikaona zikae kabatini za nini?"

Ungo ulisimama. Wa kwanza kuelewa alikuwa Bi Biubwa.

"Na ile hamsini?" aliuliza. "Masoud, umeuza na hamsini?"

Hapo ndipo Masoud naye alipoelewa.

Ile lenzi ya milimita hamsini, waliyoiita hamsini tu, ilikuwa mahari ya Zuwena. Wenzake walipoposwa walitaja vitanda na bangili na cherehani; yeye alipoulizwa anataka nini alisema anataka lenzi ya hamsini. Sheikh aliuliza tena asije akatamka upuuzi mbele ya mashahidi, na Mzee Mwinshehe, ami yake Masoud, aliondoka akinung'unika kwamba tangu azaliwe hajasikia mwanamke kuolewa kwa jicho la kioo. Lakini mahari ni mahari, iwe ng'ombe iwe kioo. Ni mali ya mwanamke. Mume haiazimi bila kuomba, seuze kuiuza, na hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua.

"Uliniuliza?" alisema Zuwena.

"Nilisahau kama ndiyo ile. Niliona lenzi tu."

"Uliniuliza, Masoud?"

"Sikukuuliza."

Zuwena hakupiga kelele. Aliingia chumbani akaketi kitandani, na aliumia, aliumia hasa, kwa sababu lenzi ile ndiyo kitu cha kwanza duniani kilichokuwa chake peke yake. Mbele yake ukutani ilining'inia picha ya Masoud aliyoipiga nayo wiki ya kwanza ya ndoa yao, humuhumu chumbani. Alikuwa ameegemea ukuta mpaka mgongo ukaota chokaa, na bado kofia ya mumewe ilikatwa kwa juu na miguu haikuingia kabisa. Bi Biubwa kila akiifuta vumbi picha hiyo huuliza: "Lakini miguu ya mwanangu mmeiweka wapi?" Siku hiyo Zuwena aliitazama akaona afadhali ingekatwa zaidi.

Barazani Bi Biubwa alikuwa anatoa hukumu.

"Leo usiniite mama. Leo mimi ni mama yake yeye."

"Mama, nitaifuata kesho."

"Nani mama?"

*

Nyumbani kwao hula pamoja, mkeka mmoja, sinia moja. Jioni ile Masoud alipelekewa sahani yake barazani kama mgeni asiyejulikana atokako, na adhabu hii ilikuwa kubwa kuliko inavyosikika. Mtu anayekula barazani hana budi kumkaribisha kila apitaye, na apitaye hana budi kujiuliza kwa nini mtu anakula barazani.

"Karibu," Masoud alimwambia jirani yake Sufiani, akiomba moyoni asikaribie.

"Nishakaribia," alisema Sufiani, akaketi, akanawa. "Leo bwana unakula hadharani? Au kuna ugonjwa ndani?"

"Joto tu."

Sufiani alitazama ile lenzi nyeupe iliyokuwa imesimama pembeni ya sahani, akatazama mlango uliofungwa, akamega samaki upande wa mnofu. "Joto hilo nalijua," alisema. "Hata kwangu huwa linatokea." Akala nusu ya chakula kwa huruma.

Walipomaliza, mlango ukafunguka. Zuwena alisimama pale na kamera mpya mkononi. Alikuwa hajasamehe; ila harusi ilikuwa keshokutwa, na yeye ni mtu wa kazi.

"Lete hiyo chupa yako tuijaribu," alisema. "Mama, naomba ukae kitini hapo sebuleni."

Bi Biubwa alikaa, akajifunga ushungi vizuri, akaweka uso wa picha. Zuwena aliipachika lenzi, kamera ikainama mbele kwa uzito. Akatazama. Aliona ukungu mtupu, kwa sababu lenzi ya namna hiyo haimtambui mtu aliye karibu. Akarudi nyuma hatua kadhaa, ikatokea pua. Pua ya Bi Biubwa, kipini na vyote, imejaza dunia.

"Usisogee, mama."

Akarudi nyuma mpaka mlango wa uani. Akapata jicho na nusu ya shavu. Akavuka kizingiti, akapita bomba, akapita kamba ya nguo akiinamisha kichwa bila kutoa jicho kwenye kamera. Uso ukaingia. Sasa alitaka mabega.

"Zuwena, angalia nyuma!" alipiga kelele Masoud.

Alichelewa. Kulisikika mbao za banda zikivunjika, kisha kuku wa Sufiani wakatoka kila upande wakilaani. Zuwena alirudi na manyoya kichwani na kamera ameinua juu salama, na kwenye kioo chake kulikuwa na picha ya Bi Biubwa, mbali kule sebuleni, amekaa kwa heshima zake zote. Ilikuwa nzuri. Mabega yalikuwepo. Miguu haikuwepo.

Bi Biubwa ndiye aliyeanza kucheka. Sufiani akafuata ingawa banda lilikuwa lake. Zuwena alicheka mpaka akashika ubavu, Masoud naye akajaribu kucheka, hapo mkewe akakumbuka kwamba amekasirika, akanyamaza ghafla.

"Basi Ijumaa," alisema, "namwomba Bi Shufaa avunje ukuta wa chumba, avunje na wa jirani, nikasimame sokoni. Au vipi?"

Masoud alitoa simu mfukoni. Alikwenda pembeni akampigia simu Mzee Akberali, na sauti ya mzee ikasikika mpaka ndani: "Njoo mwenyewe, Masoud. Mali haizungumzwi kwa simu."

*

Mzee Akberali alizaliwa Bagamoyo na kuzaliwa kwake huko alimkumbusha kila mteja aliyemwomba apunguze bei, kama kwamba kulimzuia. Asubuhi iliyofuata, Masoud na Zuwena walipofika, dukani walikuwapo yeye, mkewe Bi Sakina penye sanduku la fedha, binti yao Khushboo nyuma ya meza ya kioo, na wateja wawili wanaume waliokuja kutazama vitu bila nia ya kununua.

"Shikamoo, mzee," alisema Masoud.

"Marahaba. Umeshaichoka?"

"Nina neno, mzee. Ni la faragha kidogo."

"Duka hili lina upana wa mlango, baba. Faragha nitaitoa wapi? Na useme kwa nguvu, sikio hili halifanyi kazi."

Masoud alimtazama Zuwena. Zuwena alitazama feni. Basi akasema kwa nguvu, na wateja wakageuka.

"Zile lenzi nilizokuuzia, moja ni mahari ya mke wangu!"

"Ati nini?" Bi Sakina alisimama. "Umeuza mahari ya mtu? Na huyu ndiye mwenyewe? Pole, mwanangu, njoo ukae. Khushboo, mpe dada maji. Huyu mwanamume asimame."

Masoud akasimama, ingawa alikuwa amesimama tangu hapo. Mmoja wa wateja alitikisa kichwa kama mtu ambaye hajawahi kukosea.

Mzee Akberali alivua miwani. "Masoud. Nilikuuliza lenzi hizi ni za nani. Ulijibu nini?"

"Nilijibu ni zangu."

"Basi uliuza kisicho chako, na kisicho chako hakiuziki. Hamsini ni ya huyu mama, jana na leo, dukani ililala tu." Akarudisha miwani. "Lakini na mimi, ile nyeupe bei yake sasa haijatimia. Tuelewane hapo."

"Tumeelewana, mzee."

"Iko wapi hamsini yenyewe?" aliuliza Zuwena. Macho yake yalikuwa yakizunguka makabati, maana haki ni kitu kizuri lakini mali ikishauzwa kwa mtu wa nne haki huifuata kwa miguu.

Khushboo akainua kamera aliyokuwa akipigia picha za bidhaa. "Si hii, dada?"

Ilikuwa yenyewe. Zuwena angeitambua kati ya elfu kwa ile alama ya mdomoni, pale ilipogonga nguzo ya kitanda harusini Pangani. Aliipokea pamoja na kamera, akaishika kwa mikono miwili, akapumua. Kisha akaiangalia vizuri.

"Mbona hii kamera ni kama ile yetu mpya?"

"Aina ni hiyohiyo."

"Na hamsini imeingiaje?" aliuliza Masoud. "Mimi nilijaribu, mdomo haukubali."

"Kwa pete." Khushboo aliwaonesha kipande chembamba cha duara kati ya kamera na lenzi. "Unaanza hii, halafu lenzi. Hukuuliza kaka, ningekwambia."

"Hana mazoea ya kuuliza," alisema Zuwena.

Wateja wakacheka. Masoud naye alicheka kidogo, kwa kuwa ilikuwa haki yake.

Khushboo alibonyeza, akamwonesha Zuwena picha aliyoipiga muda si mrefu. Zuwena aliitazama, akageuka kulitazama duka, akaitazama tena. Bi Sakina alikuwemo mzima penye sanduku lake, makabati ya pande zote mbili, feni juu, hata viatu vya mume vilivyovuliwa chini ya meza.

"Hii umeipiga kwa lenzi nyingine."

"Kwa hiyohiyo."

"Haiwezi. Mimi lenzi hii naijua. Inakata watu."

"Kamera yenu ya zamani ndiyo iliyokuwa ikikata," alisema Khushboo. "Jicho lake la ndani dogo, linachukua katikati tu. Pembeni kote kunapotea. Hii jicho lake kubwa, inachukua yote ambayo lenzi inaona."

Zuwena aliigeuza kamera mkononi akilipima neno hilo. "Kumbe siku zote ilikuwa inaona," alisema mwishowe. "Kamera ndiyo haikuwa na mahali pa kuweka."

Halafu akafungua mkoba, akatoa kanga.

Bi Sakina alidhani mgeni anataka kuswali, akaanza kumwelekeza kibla. Lakini Zuwena aliitandika kutoka penye sanduku la fedha kuja mlangoni, akawaomba wale wateja wawili washike ncha isikunjike, nao wakainama wakashika bila kujua wanashika nini. Akamketisha Bi Sakina kwenye stuli, mikono mapajani, kama bibi harusi. Akasimama mwisho wa kanga, akaongeza hatua moja ndogo.

"Kanga moja na upindo!" alipiga kelele. "Masoud, kanga moja na upindo, na vidole vya miguu vimo!"

"Vimo?" Masoud alikimbilia kutazama. Vilikuwemo. Chumba cha Bi Shufaa kilitosha na kubaki. Ile lenzi ndogo yenye upana waliyobishania haikuhitajika tena. Upana walioutafuta ulikuwa kabatini mwao miaka yote, kisha ukawa hapa dukani siku moja, kwa ujinga wa mtu mmoja.

"Basi imekwisha," alisema Mzee Akberali. "Nyeupe irudi. Chukueni pete na salio lenu, mwende mkaozeshe watu."

Masoud aliiweka ile lenzi nyeupe juu ya meza. Aliifuta alama ya kidole kwa mkono wa kanzu, akaifunika. Zuwena alimwona. Hasira yake bado ilikuwepo, lakini anamjua mumewe. Si mtu wa kupenda vikubwa kwa ukubwa wake.

"Ulikuwa unaitakia nini hasa?" alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Basi tu."

"Masoud."

Akasema akitazama meza. "Nikaha ya mtoto wa Ami Mwinshehe. Alikuja mpiga picha wa Dar ana lenzi kama hii. Ami akanivuta kanzu mbele ya watu, akaniambia, wewe kijana, mpishe mpiga picha. Kamera iko shingoni mwangu, Zuwena."

Zuwena alihisi uchungu wake mwenyewe ukisogea kidogo, ukaupisha wa mwenzake ukae. Ami huyohuyo aliyeita mahari yake jicho la kioo. Akageuka.

"Mzee Akberali, lenzi hii mnaikodisha?"

"Hatukodishi vitu, mama. Hili ni duka."

"Inakodishwa," alisema Bi Sakina.

"Inakodishwa," alisema Mzee Akberali.

"Ijumaa tu," alisema Zuwena. "Aonekane naye, basi. Jumamosi inarudi."

Masoud aliivuta lenzi nyeupe kwake. Aliona aibu kuliko alipotakiwa aseme kwa nguvu mbele ya wateja, na aliona raha, na hakujua afanye nini navyo. Bi Sakina alitaja kodi yake: nyumba yao ya zamani Bagamoyo, yenye mlango wa nakshi, alizaliwa humo mumewe, wampigie picha nzima, na ngazi zake. Hakuna aliyewahi kuipiga ikaingia.

"Itaingia," alisema Zuwena.

*

Ijumaa baada ya swala msikiti ulijaa mpaka vibarazani. Masoud alitokea na lenzi nyeupe kifuani, na watu wakaachana wenyewe.

"Mpisheni mpiga picha!" ilisema sauti moja ya amri. Ilikuwa ya Mzee Mwinshehe. Kisha akamtambua. "Ah! Kumbe wewe?"

"Ni mimi, ami. Shikamoo."

"Marahaba." Mzee alimtazama, akaitazama lenzi, akajikwangua ndevu. "Haya mpisheni," alirudia, kwa sauti ndogo zaidi.

Masoud alipita. Kwa raha yake alikwenda mpaka ukuta wa nyuma kabisa, akaivuta mikono ya bwana harusi na ya baba mkwe ilivyoshikana, kidevu cha sheikh, machozi ya kaka mtu aliyedhani hakuna amwonaye. Alipiga vizuri mno. Ila sheikh alipotaja mahari, na bwana harusi akajibu kwamba amekubali, alibonyeza kabla lenzi haijatulia. Picha hiyo moja ilitoka na ukungu, na hakuifuta.

Msafara ulipofika nyumbani kwa Bi Shufaa, bwana harusi alikuwa ameloa jasho na kanzu imemganda. Mlangoni kwa bibi harusi alisimama kungwi, Bi Somoe, mwanamke mpana wa sauti nene, ameziba njia yote.

"Bwana harusi angoje. Mpiga picha mwanamume aishie hapo hapo, asiniletee mguu."

Zuwena akatoa mkono mlangoni. Masoud akamkabidhi kamera, naye, palepale kizingitini, akaitoa ile lenzi kubwa, akamrudishia mumewe aishike, akachomeka pete, akapachika hamsini. Kamera ilibaki ndogo ghafla. Bi Shufaa, mama wa bibi harusi, amejaa dhahabu na wasiwasi, aliona yote.

"Zuwena! Mbona umeikata kamera?"

"Nimebadilisha lenzi, Bi Shufaa."

"Nimeambiwa msikitini lilikuwepo bomba la haja! Wanaume wapigwe kwa bomba, mwanangu apigwe kwa kifuniko cha chupa? Nimewaambia watu hapa simleti mtu wa Dar, Zuwena yupo, na wewe unanivua nguo mbele ya wakwe?"

Wanawake wakageuza shingo. Bwana harusi alitazama vidole vyake. Masoud alisogea na ile lenzi kubwa, tayari kuirudisha, kwa kuwa hakutaka mkewe atahayari kwa ajili yake mara ya pili; Zuwena alimzuia kwa kiganja.

"Bi Shufaa," alisema, "hii ndogo ni mahari yangu. Sijaingia nayo chumba kikanitosha hata siku moja. Leo kitanitosha. Nikikosa, usinilipe."

Bi Shufaa alimtazama. Na yeye aliwahi kuwa bibi harusi, na bangili yake ya mahari ilikuwa mkononi, chini ya zile nyingine zote.

"Ni mahari?" alisema. "Basi ingia nayo. Bi Somoe, mpishe mwanangu."

Akaingia. Alipita pembeni mwa kitanda, mgongo ukagusa ukuta, akatazama. Bibi harusi alikuwemo, kuanzia kikuba cha maua nyweleni mpaka hina ya vidole vya miguu. Bwana harusi akaingia, akaweka mkono juu ya kichwa cha mkewe, na mkono ulikuwemo, na Bi Somoe mzima, jambo si dogo, na mashangazi kitandani, na huku kabisa kwenye kona Bi Shufaa ambaye alidhani amejificha, analia kwa upindo wa mtandio. Vigelegele vikapaa.

Zuwena alimfuata pale konani, akamwonesha kioo cha kamera. Bi Shufaa alikitazama kwa muda. Mama wa bibi harusi ndiye hukatwa kila siku. Husimama pembeni, na pembeni ndiko kunakopotea.

"Na mimi nimo?" aliuliza.

"Nyote mmo."

Bi Shufaa akamshika Zuwena kichwani kama alivyoshikwa bibi harusi, akalia vizuri zaidi.

Bi Somoe alianza kuufunga mlango. "Ngoja kidogo, bibi," alisema Zuwena. Nje, kwenye ukumbi mwembamba, Masoud alikuwa amesimama palepale alipoachwa, lenzi nyeupe ameipakata kwa mikono miwili kama mtoto wa watu, hajui aende wapi. Zuwena aliinua kamera. Yeye alidhani anaitwa, akajiweka sawa kofia.

Kamera ikalia mara moja.

"Umenipiga mimi?" aliuliza Masoud. "Mimi wa nini?"

Zuwena alitazama kioo kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha akakigeuza, akampitishia penye upenyo wa mlango, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya chupa ya chai alimchekea usoni. Kofia ilikuwemo. Kanzu ilikuwemo, na chini yake makubazi yake makuukuu, yote mawili.

"Ukifika nyumbani," alisema, "mwambie mama miguu imepatikana."